Madam wa Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 1 Julai

Baridi. Wingu limekaa juu ya Rau tangu asubuhi, mlima hauonekani. Nimepima joto la sanduku la chatu. Liko sawa. Taa inawaka na kuzima yenyewe kama nilivyoiunga. Aikande kabadilisha maji, Ndeshi kamshikia ndoo, mimi nimesimama mlangoni. Kama kila siku.

Kutwa nzima karakana nashika nyaya za friji bila wasiwasi. Nyumbani siwezi kumgusa mnyama ambaye binti yangu wa miaka tisa anamwita kwa jina. Ndivyo nilivyo.

Kituo cha nyoka alikokuwa akifanya kazi mke wangu Aikande kilipofungwa, wenye sumu walipelekwa mbali. Hawa wawili akapewa kibali awatunze mpaka wapatiwe mahali. Karanga ni nyoka wa kula mayai ya kware tu, mwembamba kama mkanda, hana hata meno ya kuuma. Na Madam. Madam ni chatu. Aikande anasema bado mdogo. Akijinyoosha anapita urefu wa kitanda cha Ndeshi.

Masharti ya Aikande hayabadiliki. Mlango una kufuli. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla na baada. Madam hafunguliwi bila watu wazima wawili. Wa pili ndiye mimi, pale mlangoni. Na kila anayelala kwenye nyumba hii lazima ajue kuna nini nyuma ya mlango ule.

Mama anakuja Alhamisi kutoka Masama. Jicho lake litafanyiwa operesheni hapa mjini. Hajui.

Alhamisi, 4 Julai

Mama kafika. Mkungu wa ndizi, dumu la maziwa, maparachichi. Jicho la kulia haoni kabisa, limefunikwa na mtoto wa jicho. La kushoto anaona ukungu. Alipapasa ukuta wa korido mpaka mlango wa chumba cha nyuma, akagusa kufuli. Akauliza kuna nini.

Nikasema friji mbovu za wateja.

Lilitoka lenyewe. Aikande alikuwa nyuma yangu na beseni. Jikoni akasema: "Baba Ndeshi, anayelala hapa ajue."

Nikamwambia atajua. Apone kwanza.

Jumamosi, 6 Julai

Operesheni ilikuwa jana. Leo wametoa bandeji. Mama aliangalia ukuta wa wodi muda mrefu, akasema hakujua rangi ya kijani bado ipo duniani. Nikatoka nje. Sikutaka anione.

Daktari kasisitiza: asiiname. Asibebe kizito. Asijikamue. Asipikiche jicho. Matone asubuhi, mchana, jioni. Miwani myeusi akitoka juani. Jicho lenyewe ni kama kidonda kibichi, akasema, likipata presha tunaweza kulipoteza.

Kuona kwake kunaongeza tatizo langu.

Ndeshi nimemwambia asimtajie Bibi habari za nyoka. Akafikiri. "Baba, kunyamaza ni kudanganya?" Nikasema hapana. Hakuniamini. Mimi pia sikujiamini.

Jumanne, 9 Julai

Mama kaniuliza friji gani hilo linakwaruza.

Nimesema panya.

Sasa ni uongo wa pili, na wa kwanza bado haujazikwa.

Alhamisi, 11 Julai

Aikande ameitwa Arusha. Kuna bustani ya wanyama inayojenga banda la nyoka, wanataka wamwone yeye na karatasi zake. Huenda wakawachukua wote wawili. Huenda wakampa na kazi. Tangu kituo kifungwe sijamwona akiimba akifua. Leo kaimba.

Halafu tukagombana. Anasema haendi mpaka nimwambie Mama. Anasema mgeni asiyejua ndiye anayefungua mlango asioujua. Anasema Madam hajala muda mrefu, atamlisha akirudi, kwa hiyo nisimfungue kwa sababu yoyote. Maji yanatosha. Nisimfungue.

Nikaahidi yote mawili.

Hofu yangu nini hasa? Mama hajawahi kumkemea mke wangu. Lakini kule kwetu watu wanajua maana moja tu ya nyoka anayelala ndani ya nyumba: dawa ya utajiri. Anatapika hela, anadai damu ya mtoto. Mama ni mzee wa kanisa. Naogopa atasema mmoja atoke, nyoka au yeye. Na mimi ndiye nitakayetakiwa kuchagua.

Ijumaa, 12 Julai

Aikande kaondoka na basi la asubuhi. Ameniuliza stendi kama nimesema. Nikamjibu ndiyo.

Jumapili, 14 Julai

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa. Mama amelala, jicho lake jekundu.

Siwezi zaidi.

Jumatatu, 15 Julai

Karakana sijafungua. Mkono nikiushusha unagonga kama ngoma, nikiuweka juu ya mto unatulia. Kalamu iko kushoto, herufi zinaenda kama za mtoto wa chekechea. Naandika kidogo, napumzika, naendelea. Lakini niandike, maana nikichelewa nitaanza kuipamba.

Jana Ndeshi alikuwa Shule ya Jumapili. Mama hakwenda kanisani kwa ajili ya vumbi, nami nikabaki naye. Akataka supu ya kuku. Kuinama haruhusiwi, kwa hiyo alikaa kwenye kiti uani akaniamuru. Nikachinja. Nikamwagia maji ya moto. Nikanyonyoa. Tulikuwa tunacheka, alikuwa anasimulia jinsi marehemu baba alivyomkimbiza jogoo mpaka kwenye ibada ya mazishi.

Nikanawa bombani. Maji tu. Sabuni ilikuwa ndani.

Nikaenda kupima joto. Hilo sikukatazwa. Madam alikuwa amepindua bakuli lake. Magazeti yote yameloa, na nje baridi ile. Aikande husema chatu akilalia unyevu kwenye baridi kifua kinamshika, hufa taratibu. Nilisimama pale. Nikafikiri kumpigia simu. Halafu nikafikiri jambo lingine: atarudi akute magazeti makavu, nami nitasema kama mtu asiyejali, "Nilibadilisha." Nikajiona mwanaume.

Nikafungua mfuniko. Nikanyoosha mkono kuchukua bakuli. Mkono unaonuka kuku.

Sikumwona akija. Nilihisi tu mkono umepigwa, kisha umeshikwa, kisha umezungukwa. Meno yake yalikuwa kati ya kidole gumba na kifundo. Mwili wake wote ukapanda kwenye mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, mzunguko juu ya mzunguko, na kila nilipotoa pumzi alizidi kukaza. Nikavuta. Kosa. Meno ya chatu yamelala kuelekea ndani. Ukivuta unajichana mwenyewe. Damu ikatoka. Nikaanguka sakafuni naye. Vidole vyangu vikageuka rangi ya ini.

Nikaita kama mtoto. "Mama!"

Alikuja akishika ukuta. Akasimama mlangoni na miwani yake myeusi.

"Eliya, ni nini hicho?"

"Chatu, Mama."

"Wa nani?"

"Wetu."

Akavua miwani, akaifunga kwenye pindo la khanga. "Nifanye nini?"

Ndiyo sentensi hiyo. Hakupiga kelele. Hakukimbilia panga, na panga lilikuwa uani pale pale, bado lina damu ya kuku. Aliuliza nifanye nini.

Nikamwambia alichokuwa anafundisha Aikande kila siku nikiwa mlangoni. Aanze mkiani. Amzungushe kurudi alikotoka. Asiguse kichwa. Akaanza kupiga goti. Nikamwambia, Mama, daktari kakataza kuinama. Akasema, "Daktari hayupo hapa."

Mikono ile imekamua ng'ombe maisha yake yote. Akaushika mkia, akaufungua mzunguko wa kwanza, mkia ukajaribu kumshika yeye. Akaubana kwapani kama anavyobana mbuzi mkorofi. Wa pili. Alikuwa anahema na kujikamua, mishipa ya shingo imemsimama, nami naona jicho lake jipya likitoa machozi na siwezi kufanya lolote. Wa tatu. Damu ikarudi kwenye vidole vyangu, na hapo ndipo maumivu yalipoanza kweli.

Kichwa hakikuachia. Nikamwambia kuna chupa ya spiriti kwenye rafu. Chupa zilikuwa mbili, zimefanana; nyingine ina mafuta ya taa, ya siku umeme ukikatika. Hasomi maandishi madogo bado. Akafungua ya kwanza, akanusa, akaiweka chini. Akanusa ya pili. "Hii?" Hiyo. Matone machache pembeni mwa mdomo. Madam akafunua kinywa kama mtu aliyeonja kitu kibaya, akaniachia.

Tukamrudisha sandukuni pamoja. Mama ndiye aliyebeba sehemu nzito. Nikafunga mfuniko kwa mkono wa kushoto. Yeye akakaa sakafuni, mgongo ukutani, khanga imelowa.

"Kwa hiyo hili ndilo friji bovu," akasema.

Nikaubana mkono kwa shati, damu isitoke.

"Na kama ni wa utajiri, mbona tangu nije tunakula dagaa?"

Nikaanza kucheka na kulia pamoja. Akasema Jumanne aliposikia mkwaruzo alidhani napika gongo, akaamua kuniombea kimya kimya. Wiki ijayo angeniletea mchungaji hapa.

Hospitali walinisafisha, wakanichoma sindano ya pepopunda. Nesi akauliza nyoka gani. Nikasema chatu. Porini? Nyumbani. Akaweka kalamu chini akanitazama.

Jioni jicho la Mama likawa jekundu. Anasema haliumi. Mama husema hivyo kwa kila kitu.

Aikande nimempigia. Nimemwambia nimeumwa na nimetibiwa. Kuhusu Mama kutojua, sijasema. Hilo nitalisema akiwa mbele yangu.

Jumanne, 16 Julai

Karudi. Nimemwambia getini, kabla hajaweka begi chini. Yote. Na lile la stendi.

Hakupayuka. Ingekuwa afadhali. Alikwenda kwa Mama, akapiga magoti mbele ya kiti, "Shikamoo Mama. Nisamehe. Nilidhani unajua." Kisha akaenda chumba cha nyuma kumchungulia Madam kinywa, kama kuna jino lililovunjika. Kisha akaja kuangalia mkono wangu. Kwa mpangilio huo. Imeniuma. Nilistahili.

Mchana tumempeleka Mama. Presha ya jicho imepanda. Wameongeza matone na vidonge. Arudi Ijumaa. Nikamuuliza daktari kama ataendelea kuona. Akasema tusubiri Ijumaa.

Jumatano, 17 Julai

Sijalala vizuri. Kuomba siwezi. Nikianza naona goti lake linagusa sakafu.

Asubuhi nimemkuta peke yake jikoni amekaa, mikono mapajani. Akaniambia nifunge mlango. Alizungumza Kichagga, maana Kiswahili kwake ni cha kanisani na sokoni.

Kasema: sikukasirikia nyoka. Nyoka amefanya kazi ya nyoka. Nimekasirika kwa sababu umenipima, ukaona mama yako ni wa kuogopa, wa kutangaza, wa kumfukuza mke wa mtu. Umenipima bila kuniuliza. Nimemzika baba yako. Nimezika watoto wawili kabla yako. Unadhani kitu cha kunivunja mimi ni mnyama asiye na miguu?

Nikasema nilitaka kukulinda. Akasema hapana. Ulikuwa unajilinda wewe.

Ni kweli. Nimeirudia kutwa nzima na kila upande ni kweli.

Ijumaa, 19 Julai

Presha imeshuka. Siyo yote, lakini imeshuka. Daktari kamuuliza alifanya nini Jumapili. "Nilimsaidia mwanangu kazi za nyumbani."

Nilitaka kumwambia daktari ukweli. Mama akanikanyaga mguu.

Tumerudi kwa bajaji. Njiani alisoma mabango kwa sauti. Duka la dawa. Vipuri. Saluni. Dereva akadhani amechanganyikiwa. Mimi sijawahi kusikia usomaji mzuri kama ule.

Jumamosi, 20 Julai

Nimekata jani la sale kwenye uzio wa jirani, kwa ruhusa. Kwetu ukimkosea mtu kweli kweli, humwendei mikono mitupu. Unampelekea sale, naye akilipokea yameisha. Nimempa Mama. Nimempa na Aikande la kwake.

Mama kalipokea, kalizungusha vidoleni. "Sale ni la mtu aliyeua ng'ombe wa jirani. Wewe ulitaka kuniua mimi kwa supu." Lakini kalipokea.

Aikande kaliweka mezani. Baadaye nimelikuta kwenye Biblia yake. Basi.

Jioni alinieleza la Arusha. Banda la Madam liko tayari, la Karanga bado. Kazi wamempa siku tatu kwa wiki. Nilidhani atasema tusubiri, wahame wote pamoja. Hapana. Anasema Madam aende wiki hii.

Nikamwambia kosa lilikuwa langu, siyo la chatu.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana. Masharti yangu yote yanategemea watu wasikosee. Na watu wa nyumbani hukosea. Wanapika, wanachoka, wana mgeni, wana mtoto. Mwakani Madam atakuwa na nguvu mara mbili. Na kama ungekuwa mkono wa Ndeshi?"

Nimeona jinsi ilivyomgharimu kusema. Alimpokea Madam akiwa mwembamba kama kidole.

Jumatatu, 22 Julai

Mama ameomba kumwona Madam. Safari hii kwa kufungua mlango kwa ufunguo, na kuingia kama mgeni.

Alisimama mbele ya kioo na jicho lake jipya. Aikande akamweleza: anasikia harufu kwa ulimi, hana kope, hawezi kufumba macho. Mama akauliza kama anawajua watu wake. Aikande akasema hapana, anazoea tu, na kuzoea siyo kupenda. Anayesahau hilo ndiye anayeumwa. Mama akaitikia kwa kichwa taratibu. Akasema wako watu wa namna hiyo pia.

Ndeshi akamwonyesha Karanga. Bibi mtu akamshika kwa viganja viwili, dakika nzima, uso umetulia. Halafu wote watatu wakaenda kunawa kwa sabuni. Nikawafuata, nikanawa mimi pia, ingawa sikugusa kitu.

Jumanne, 23 Julai

Madam kaondoka.

Watu wazima wawili. Aikande kichwa, mimi katikati na mkia. Nilinawa mpaka kwenye viwiko. Mkono wa kulia bado haujakaza vizuri lakini unashika.

Nilitegemea utelezi. Hana utelezi. Ni mkavu, laini, kama mkoba wa ngozi uliotumika sana, na chini ya ngozi kuna nguvu inayopita polepole kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila haraka. Niliogopa muda wote. Niliogopa na nikashika. Nilidhani mwenye kushika haogopi, sivyo. Tukamwingiza kwenye gunia la kitambaa, Aikande akafunga, tukaweka ndani ya kreti lenye matundu. Gari la bustani likaja. Mwenye gari akatia saini.

Ndeshi alilia mpaka akapata kwikwi. Aikande hakulia. Alisugua sanduku tupu kwa dawa, kona kwa kona, mpaka nikamwambia limetakata.

Nikazima taa ya joto. Bili ya umeme itapungua. Sikuisema kwa sauti.

Alhamisi, 25 Julai

Karakana. Friji mbili, moja compressor imekufa. Mteja kaona makovu akauliza. Nikamwambia kuku.

Nikafikiri. Nikamwita akiwa ameshafika mlangoni, nikamwambia chatu. Akarudi akakaa. Nilimsimulia yote, na upumbavu wangu. Kazi ilichelewa.

Jumapili, 28 Julai

Masama. Tumemrudisha Mama. Mvua nyembamba asubuhi, baadaye jua likatoka, barabara ya Bomang'ombe mpaka juu ikakauka. Daktari kamruhusu, matone yanaendelea, mizigo bado marufuku.

Nilidhani ataficha habari. Ibada ilipokwisha, nyumbani wakaja wanawake wa mtaa kumpa pole ya jicho, wamejaa uani kwenye mabenchi. Mama akamshika Aikande mkono, akamsimamisha katikati yao.

"Huyu ndiye mkwe wangu. Anajua nyoka kuliko mtu yeyote hapa. Mwanangu aliumwa kwa ujinga wake mwenyewe, mimi ndiye niliyemfungua. Sasa muulizeni, msije mkaenda kuuliza pembeni."

Kisha mmoja akacheka, halafu mwingine akauliza. Nyoka kifutu anatofautianaje na wengine? Ukiumwa shambani, uchanje? Aikande akasema usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kukaza; vua pete na bangili, tulia, mguu usitumike, nenda hospitali, na nyoka muache aende zake. Akaulizwa tena. Akaeleza tena, kwa mikono, anatembea huku na huku. Mama mmoja mzee akasema mwanawe alikufa kwa kuumwa na kifutu kwenye shamba la kahawa, walimchanja. Aikande akaacha kutembea, akakaa karibu naye. Wakazungumza wawili tu, sisi hatukusikia.

Nilikaa kwenye ngazi ya stoo na kikombe cha chai. Hakuna aliyenihitaji.

Jua lilikuwa limefika kwenye migomba ya chini. Mama alijitenga na wageni, akavuta kiti hadi kwenye mwanga, akaweka ungo mapajani. Maharage. Akawa anachagua vijiwe, kimoja kimoja, anakiinua mbele ya uso wake, anakitazama vizuri, ndipo anakitupa.